Plaketi Nilizochagua Mwenyewe

Fundi aliniambia ninunue zile laini. Naanza na neno hilo kwa sababu kwa miaka karibu mitatu, kila nilipoisimulia habari ya ajali yangu, nililiruka. Nikiliruka, inakuwa habari ya mzee aliyepata bahati mbaya siku ya mvua. Nikilirudisha mahali pake, inakuwa habari yangu.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuacha malori. Zaidi ya miaka thelathini niliendesha magari ya wafanyabiashara wa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, nikipandisha chumvi, sabuni na mabati hadi Fizi na vijiji vya ndani, nikishusha mihogo, mahindi na mafuta ya mawese. Ujanani nilisoma sekondari kwa mapadri, nikaishia mwaka wa nne. Shule ilinipa mwandiko mzuri na kiburi kidogo. Lori lilinipa kiburi kikubwa. Mlima ule wa kutoka Fizi kushuka ziwani uliua magari mengi, na mimi niliushuka mamia ya mara nikiwa na mzigo hadi juu ya turubai, watu wamekaa juu ya mzigo, na sikuwahi kumdondosha hata mmoja. Tulipofika mtoni chini, magurudumu yalikuwa yanatoa moshi, nasi tulichota maji kwa ndoo tukayamwagia. Abiria walikuwa wananiita jina la utani ambalo sitaliandika hapa, maana lilinipendeza kupita kiasi.

Macho yalipoanza kuchoka, tajiri wangu wa mwisho alinishukuru akampa lori kijana wake. Nikajinunulia gari dogo la mitumba kutoka Japani, lenye usukani upande wa kulia, kwa ajili ya mke wangu ambaye magoti yalikuwa yamemkataa. Safari zetu zilikuwa fupi. Nyumbani hadi sokoni, sokoni hadi kwenye kituo cha afya, Jumapili kanisani, mara mojamoja ufukweni kununua ndakala, dagaa wa ziwa letu, zikiwa bado mbichi. Gari halikupata hata nafasi ya kupata joto vizuri kabla ya kuzimwa.

Huyo fundi alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mtu wa miaka arobaini hivi. Alikuwa amejifunza kazi katika gereji kubwa ya kwao, halafu vita vikamleta kwetu na mke na watoto. Kwanza walikaa kambini, kisha wakapanga chumba katika kartye yetu, yaani mtaa wetu, na mimi ndiye niliyemsemea kwa mwenye nyumba. Tangu siku hiyo aliniita Baba. Alifanya kazi chini ya hema la plastiki karibu na parkingi, na alikuwa na desturi mbili asizozivunja. Ya kwanza, hakununua piesi, vipuri vya gari, kwa niaba ya mtu yeyote. Ulinunua mwenyewe, ukamletea, akafunga. Ya pili, kila piesi aliyoitoa kwenye gari lako alikurudishia mkononi, imefungwa kwenye karatasi, hata kama ilikuwa takataka tupu. Mtu wa kuja akishika fedha za watu au vyuma vya watu, haichukui muda ataitwa mwizi. Yeye alilijua hilo kuliko sisi.

Plaketi za mbele, zile pedi za breki zinazobana diski, zilipoanza kulia, nilimpelekea gari. Alitoa gurudumu moja, akachungulia, akasema zimebaki unene wa kucha. Kisha akanieleza nikanunue zipi. Akaniambia dukani nitaonyeshwa za kijivu na nyeusi, nichukue za kijivu, ndizo laini. Nitazame bati la mgongo kama limenyooka, nitazame kama ile sehemu inayokamata diski imegandishwa bila ufa, na kama kuna kile kibati kidogo kinachopiga kelele plaketi ikikaribia kwisha. Alinieleza polepole, kwa heshima, kama mtu anayemkumbusha mkubwa wake jambo ambalo bila shaka analijua. Mimi nilisikiliza kwa sikio moja. Nilijiona nafundishwa fre, yaani breki, na mtu ambaye hakuwa hata ameuona mlima wa Fizi wakati mimi naushuka.

Muuzaji wa piesi aliniwekea juu ya meza aina tatu. Za kwanza zilikuwa okazyo, zilizotolewa kwenye gari lililokufa, na alisema ni za kiwanda chenyewe. Hizo nilizikataa mara moja, maana plaketi iliyotumika huwezi kujua imeungua mara ngapi. Mbili zilizobaki zilikuwa mpya, adaptabule, ndivyo tunavyoita huku piesi ya kiwanda kingine iliyotengenezwa iingie mahali pa ile ya asili. Za kijivu, ukizikwaruza kwa ukucha, ziliacha vumbi kidogo. Nyeusi zilikuwa nzito, na ndani yake uliona chembe za chuma zinang'aa.

Nikafanya tunavyofanya mashofa, sisi madereva wa mlimani. Nilitoa ufunguo mfukoni nikaigonga moja, kisha nyingine, huku nimeinamisha sikio. Sisi tulizijaribu machwaa za lori, zile breki za ndani ya ngoma ya gurudumu, namna hiyo siku zote. Inayotoa sauti ya udongo unaiacha. Inayolia kama nyundo unaichukua, maana hiyo ndiyo itakayokushusha kutoka Fizi bila kulegea kwa moto, na itadumu. Plaketi ya kijivu ilitoa sauti ya udongo. Nyeusi ililia.

Kulikuwa na shofa mmoja kijana pale dukani amesimama anasubiri mafuta ya injini. Alinitazama nikigonga, akacheka. "Papa, unanunua plaketi ama unanunua shoka?"

Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba yeye na wenzake wanabadilisha plaketi kila mara kama soksi, na wote tukacheka tena. Nilinunua nyeusi. Hakuna aliyenilazimisha, na muuzaji hakuzisifu kuliko zile nyingine. Nataka hilo lijulikane.

Fundi alifungua boksi, akazitazama, akazigeuza. Halafu akachuchumaa kando ya gurudumu nilikokuwa nimesimama, tukiwa wawili tu.

"Baba, hizi ni za gari ya mizigo. Hizi zinapendaka moto. Weye asubui unatoka nyumbani, unafika soko, unazima. Hiyo moto itatoka wapi?"

"Funga, fundi."

"Zikiwa baridi hazishike muzuri. Na zitakula diski."

"Mi nimeshuka mulima na tani kumi mbele weye uzaliwe. Funga."

Alizifunga. Kazi aliifanya kwa usafi: alipiga brashi, akapaka girisi mahali pake tu, akakaza kila bulon akairudia mara ya pili. Alipomaliza aliniomba nizizoeze, yaani niende barabara iliyonyooka, nikimbie kidogo na kushika fre polepole, nirudie hivyo mara nyingi mpaka zikubaliane na diski. Akaniomba pia nirudi baada ya wiki moja azikague. Akanipa zile za zamani zimefungwa kwenye karatasi. Sikuzizoeza na sikurudi.

Siku zilizofuata gari lilianza kunguruma kila nikishika fre. Mke wangu, ambaye hana haja na magari, alisema gari limemeza mbuzi. Asubuhi, nikitoka kwenye geti letu na kukanyaga mara ya kwanza, nilihisi gari linateleza hatua mbili tatu kabla ya kukubali. Nilikanyaga kwa nguvu zaidi. Nilijiambia kitu kipya hakikosi ugeni. Siku moja nilikwenda hadi Fizi kumwona ndugu aliyekuwa mgonjwa, na wakati wa kushuka plaketi zile zilishika vizuri ajabu, kona baada ya kona, bila harufu ya kuungua. Nilifurahi njia nzima. Nilifika nyumbani nikiwa na hakika kwamba nilichagua sawasawa. Kumbe nilikuwa nimechagua kwa ajili ya barabara ninayoipita mara mbili kwa mwaka, nikaisahau ninayoipita kila siku. Ukweli zaidi ni kwamba nilichagua kwa ajili ya yule shofa niliyekuwa zamani, na huyo hakuwa tena kwenye gari. Aliyekuwamo ni mzee anayempeleka mke wake sokoni.

Ajali ilitokea asubuhi ya mvua. Tulikuwa ndani mke wangu na mimi, tunashuka ile njia ya kartye inayokutana na barabara kubwa. Sikukimbia. Mama mmoja muuza ndakala alikuwa anavuka na beseni kichwani, ameinamia upande kwa sababu ya mvua, hakutuona. Nilimwona mapema, na muda wa kusimama ulikuwapo. Nilikanyaga, na pedali ikasimama ngumu chini ya mguu kama nimekanyaga jiwe, na gari likaendelea kwenda. Halikwenda mbali. Lilikwenda hatua tatu, labda nne, na hatua ya mwisho ilikuwa mguu wa mama yule.

Mfupa ulivunjika chini ya goti. Tulimwingiza kwenye gari na kumpeleka hospitali. Njiani hakulia kwa sauti, alikuwa anauliza tu ndakala zake ziko wapi. Mke wangu alimshika mkono nyuma kule, na kila nilipokanyaga fre niliyaona macho ya mke wangu kwenye kioo.

Huku kwetu jambo kama hilo, ikiwa mtu hakufa, linamalizwa kwa shefu wa kartye, mkuu wa mtaa, kabla polisi hawajalipanua. Ilipofika Jumamosi tuliitwa uani kwa shefu. Walikuja kaka zake yule mama, wazee wawili wa kanisa, majirani, na fundi naye aliitwa, maana tayari watu walikuwa wanasema fre mpya zilikataa. Mama mwenyewe alikuwa bado amelala hospitali. Shefu aliniuliza kwa upole, kama mtu anayemsaidia mzee apite mahali pabaya.

"Papa, gari yako ilikuwa na fre?"

"Ilikuwa nazo. Mpya. Hazikumaliza hata mwezi."

"Na nani alizifunga?"

"Fundi huyu."

Maneno yangu yote yalikuwa kweli. Nimeyapitia mara nyingi kitandani na sikuona la uongo hata moja. Nilisubiri swali linalofuata, lile la nani alizichagua, na nimejiambia mara nyingi kwamba shefu angeliuliza ningejibu. Siamini tena kwamba ningejibu. Hakuuliza. Alimgeukia fundi.

"Ni weye ulifunga?"

"Ndiyo, shefu. Ni mi nilifunga."

Akanyamaza, akanitazama mimi.

Anayesoma na si wa huku huenda akashangaa kwa nini mtu yule hakujitetea. Kwetu, na kwao Burundi pia, mtu mwenye adabu hafunui kosa la mzee mbele ya watu. Anamwachia mzee nafasi alifunue mwenyewe. Anasubiri. Na mimi nilikuwa mtu ambaye yeye alimwita Baba, niliyemsemea apate chumba. Alikuwa ananipa nafasi hiyo, na wote tuliokuwa pale tulikuwa tumelelewa katika desturi hiyo hiyo, lakini mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba kimya kile kilikuwa changu. Wengine walidhani ni kimya cha mwenye kosa. Nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa na tope kwenye kiatu cha kushoto, nakumbuka.

Kaka mmoja wa yule mama akasema kwa sauti ya kuchoka, "Ni hivyo tu. Banakuja kutoka kule, banashika vyuma hata habajue, kisha bantu betu banavunjika."

Hakuna aliyemkatiza. Shefu aliamua kwamba mimi nitashughulikia matibabu, nami niliyashughulikia mpaka mwisho. Fundi alitakiwa kuipa familia mbuzi mmoja kwa kufanya kazi vibaya. Alikubali kwa kichwa. Alipotoka alinipita karibu, akasema, "Baba, bakia salama," kama siku zote.

Ili apate mbuzi aliuza kriki yake, jeki ya kuinulia magari. Fundi wa parkingi bila kriki ni mtu aliyekaa tu chini ya hema. Kwa siku kadhaa aliazima za wenzake, lakini magari nayo yaliacha kuja. Watu wazima waliokuwa wanamngoja yeye tu awafungie fre walianza kupita mbele ya hema lake bila kupunguza mwendo. Mwenye nyumba aliniuliza kama bado namsemea. Nilimjibu kwamba mambo ya nyumba ni yake mwenyewe. Mwezi wa pili baada ya hapo nilisikia wamehamia Kilembwe, yeye na mke na watoto, kwamba huko anatengeneza pikipiki na mashini za kusaga mihogo.

Mimi nilifanya nini? Nilipokwenda Uvira kwa shughuli nyingine, nilinunua plaketi za kijivu. Nilinunua kule ili muuzaji wa Baraka asinione. Fundi mwingine alinifungia, akanionyesha diski zilivyochimbwa mistari kama shamba. Gari likaanza kusimama asubuhi kwa kugusa tu, baridi au mvua. Mtu anayeamini kwamba kosa lilikuwa la aliyefunga hatafuti plaketi nyingine. Angezikaza zile zile. Nilijua tangu mwanzo, na mikono yangu ilikuwa inaungama dukani kile ambacho mdomo ulikataa kukisema uani kwa shefu.

Mke wangu hakunigombeza. Jioni ile ile ya kutoka kwa shefu alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Ulisema moja, ukabakisha ingine." Nikamwambia anyamaze, hajui mambo ya fre. Alinyamaza. Lakini tangu siku hiyo hakuingia tena kwenye gari. Alikwenda sokoni kwa miguu, kanisani kwa miguu, na fimbo, akipumzika kwenye mawe ya watu njiani. Mimi niliwaambia watu kwamba ameogopa tangu ajali, na watu walimhurumia. Gari nililomnunulia yeye nililiendesha peke yangu.

Ilikuwa hivyo mpaka Jumapili moja ya masika ya tatu. Nilikuwa narudi kutoka kanisani, nikamkuta amekaa kando ya njia, kitenge chote kimejaa tope. Alikuwa ameteleza. Nilisimamisha gari, nikafungua mlango, nikamwambia aingie, asione haya, kuogopa si dhambi.

"Siogope gari," alisema. "Naogopa kukaa pembeni yako, bantu banione, baseme na mi nilikubali."

Alikataa hata mkono wangu. Akasimama kwa kushika fimbo yake, akaenda. Nililiendesha gari nyuma yake kwa mwendo wa mtu, hadi nyumbani, na majirani wakitutazama.

Wiki ile ile nilipanda pikipiki kwenda Kilembwe. Ni safari mbaya kwa mgongo wa umri wangu, kupita Fizi na kuingia ndani, sehemu nyingine tukisukuma. Nilikuwa nimefunga nyuma kriki mpya. Nilimkuta chini ya paa la bati, amefungua injini ya mashini ya kusaga, mikono myeusi hadi viwikoni. Aliniona, akafuta mikono, akaniletea kiti yeye mwenyewe. Mke wake alileta maji ya kunawa, kisha chakula. Hawakuniuliza kitu mpaka nilipokula. Watoto walikuwa wamerefuka. Nilikula kwa shida.

Nilimwambia yote. Nilisema kwamba mimi ndiye niliyechagua, kwamba aliniambia na nikakataa, kwamba uani kwa shefu nilimwona akinisubiri.

"Najua, Baba," alisema. "Mi nilikuwa pale."

Mke wake alicheka kidogo pale mlangoni, kicheko kisichokuwa na furaha, akaingia ndani.

"Kule Baraka ulishasema?"

"Bado. Nilitaka kuanza na weye."

Alitikisa kichwa. "Kwangu hakuna kitu ya kusema. Mi najua, mama ya batoto anajua. Benye habajue ni bale ba kule."

Nilimwonyesha kriki. Aliigusa, akaisifu kwamba ni nzuri, akasema ameshapata nyingine, nirudi nayo. Alisema bila hasira. Nilijitahidi kumsihi, akanisindikiza hadi kwenye pikipiki na kuifunga kriki ile upya kwa mpira, vizuri kuliko nilivyokuwa nimeifunga mimi.

Nilipomwendea shefu, hakupenda. Alisema jambo lilikwisha, mama alipona, mbuzi aliliwa, kwa nini mzee kama mimi nijivue nguo. Nilimwomba aite watu wale wale. Walikuja karibu wote, na safari hii mama mwenyewe pia alikuwapo, anachechemea kidogo hadi leo. Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, maana mwandiko ule wa mapadri bado ninao, lakini niliyaacha mfukoni. Nilisema: fundi aliniambia ninunue laini, nikanunua ngumu kwa kiburi. Akaniambia hazitashika zikiwa baridi, nikamwambia afunge. Hazikushika zikiwa baridi. Alifunga vizuri. Kosa lilikuwa langu lote, na siku ile nilimwacha alibebe.

Wazee wa kanisa walitazama chini. Kaka yule aliyesema maneno ya "banakuja kutoka kule" aliwasha sigara, ikamzimikia. Aliyezungumza ni mama mwenyewe.

"Bibi wa fundi alikuwa anakuja robine kuchota maji," alisema. "Mi nilikuwa namuambia akae nyuma, benyeji bamalize kwanza. Siku yote. Sababu ya huu muguu. Na bengine banafanya sawa mi. Alikuwa anangoja mpaka maji inakatika, anarudi na bidon mutupu." Akanitazama sawasawa. "Weye, muzee, ulinifanya fimbo ya kubapigia."

Nilitaka kuomba msamaha, nikaona kwamba msamaha aliokuwa anaufikiria haukuwa wa kwangu, ulikuwa wa fundi na mke wake. Alimwomba shefu namba ya simu ya fundi. Nilikuwa nayo, nikamsomea.

Alimpigia mwenyewe. Walizungumza nini sijui. Ninachojua ni kwamba kiangazi kile fundi alikuja Baraka na mke wake, wakafikia kwa mama yule. Walipikiwa ugali na kuhe, samaki ambaye kwetu hapikiwi mtu ovyo, na watu walikwenda kuwasalimu. Tajiri mmoja alimwomba atazame lori lake, akalitazama, na shefu akamwambia nafasi yake parkingi inaweza kupatikana. Alimjibu kwamba ameshapata watu Kilembwe wanaomtegemea, hawezi kuwaacha ghafla. Pale palipokuwa na hema lake siku hizi kuna kijana anayeuza vocha za simu. Fundi hakusema hatarudi. Hakusema atarudi.

Siku ya pili, saa kumi hivi za jioni, alipita kwenye geti letu. Nilikuwa uani. Alivua kofia, akanisalimu kama inavyotakiwa: habari za nyumbani, za mwili, za mvua, za watoto walio mbali. Hakuna salamu aliyoipunguza. Nilisogeza kiti, nikamwambia aingie tukae.

"Aksanti, Baba. Niko na haraka."

Pikipiki yao ilikuwa inaondoka kesho yake asubuhi. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Alisimama nje ya geti, mkono mmoja juu ya mlango, akaniuliza kama gari linakwenda vizuri. Nikamwambia linakwenda. Akavaa kofia.

Mke wangu alitoka jikoni na fimbo yake akamsindikiza. Nilisikia fimbo ikigonga mawe hadi kwenye kona. Pale wakasimama, fundi akamwinamia kidogo ili amsikie vizuri, na wakaongea kwa muda mrefu, mpaka jua likaingia nyuma ya milima. Sikuweza kusikia wanasema nini. Nilibaki uani na kile kiti, sijui kama nikirudishe ndani au nikiache.